Kazi ya mbunge na cheo chake: tunayoyaamini Arusha na Moshi, na ukweli ulivyo

Mikutano ya hadhara ya wabunge ina maswali yaleyale, uwe Ngarenaro, Muriet, Majengo au Pasua. Lami lini? Maji yatatoka lini? Ule mchango wa paa la kanisa umefikia wapi? Ni maswali ya haki, kwa sababu vumbi ni la kweli na bomba kavu ni la kweli. Lakini mengi yanapelekwa kwa mtu asiye na mamlaka nayo, na yale ambayo ana mamlaka nayo hayaulizwi kabisa. Hilo linaniuma. Mbunge anayeulizwa yasiyomhusu hapati shida ya kujibu yanayomhusu, na miaka mitano inakwisha hivyo.

"Mbunge huyu hajatujengea barabara"

Mbunge hajengi barabara. Za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya Jiji la Arusha yanasimamiwa na AUWSA, ya Moshi na MUWSA, na vijijini RUWASA tangu 2019. Zote ni taasisi za Serikali na zinawajibika kwa mawaziri.

Kazi ya Bunge imeandikwa kwenye ibara ya 63 ya Katiba: kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Humo mna kuuliza maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara, kupitisha mipango na kutunga sheria. Kwenye fedha mbunge amefungwa mikono zaidi ya wengi wanavyodhani. Ibara ya 99 inataka jambo la kutoza kodi au kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina lianzie kwa Rais na liwasilishwe na waziri. Kwa hiyo anayepanda jukwaani na kuahidi kilomita za lami kana kwamba zinatoka mfukoni mwake anaahidi kitu kisicho chake.

Je, hana la kufanya kuhusu ile barabara ya vumbi? Analo, tena kubwa. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge linakaa Dodoma kupitia bajeti, wizara moja baada ya nyingine. Fungu la TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa na TARURA, likifika, mbunge anaweza kusimama na kuuliza kwa nini fedha zilizopitishwa mwaka jana kwa TARURA ya wilaya yake hazikufika. Asiporidhika, kwenye Kamati ya Matumizi anashika shilingi: anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Shilingi yenyewe haina thamani, lakini waziri analazimika kusimama na kujibu mbele ya kinasa sauti, na jibu linaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Kisha akirudi nyumbani, mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, na huko ana kura kwenye mipango ya halmashauri. Ukitaka kumbana kuhusu barabara, mbane hapo. Mwulize alishika shilingi ya nani, na alijibiwa nini.

Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake mwenyekiti ni mbunge. Huu ndio umechanganya watu. Kenya walianza na mfuko wao 2003, India 1993. Ufaransa nao wabunge walikuwa na fungu la kugawa majimboni mwao, wakalifuta mwaka 2017. Mimi nawaunga mkono Wafaransa. Aliyetumwa kusimamia matumizi ya fedha za umma akipewa na yeye fedha za kugawa, anakuwa upande wa wanaosimamiwa, na wapiga kura wanaanza kumpima kwa mabati na saruji.

Dada mmoja anayeuza ndizi soko la Kilombero aliniambia mbunge mzuri ni yule anayefika msibani. Simlaumu. Kufika msibani ni utu, na mtu asiye na utu hafai uongozi wowote. Ila dada huyohuyo alilalamika sana kuhusu tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, na hakuwa anajua kwamba zilipitishwa na wabunge Dodoma, kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka ule. Mbunge yuleyule aliyemshukuru kwa rambirambi, hakuwahi kumwuliza alipiga kura gani.

Na nguvu hiyo ya kusimamia si maneno ya vitabuni. Mwaka 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Ripoti iliposomwa Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, hapa jirani kabisa, alijiuzulu. Hakuna barabara iliyojengwa wiki ile, na bado sikumbuki wiki ambayo Bunge lilifanya kazi yake waziwazi kuliko ile.

"Mheshimiwa ni cheo cha mbunge, dunia nzima"

Hapa kwetu karatasi za Bunge huandika "Mhe." kabla ya jina na "(Mb.)" baada yake. Hiyo ya pili ndiyo inayosema huyu ni mbunge. Ya kwanza wanayo pia madiwani, wakuu wa wilaya, mawaziri, majaji na mabalozi. Zanzibar kuna jambo la ziada: mpiga kura anachagua Mbunge wa kwenda Dodoma na Mwakilishi wa kuingia Baraza la Wawakilishi, na kuwachanganya wawili hawa mbele ya Mzanzibari ni kujitafutia somo refu.

Uingereza wanaitana waheshimiwa ndani ya ukumbi tu, na hawatajani kwa majina. Husema "mheshimiwa mbunge wa jimbo fulani". Nje ya ukumbi, jina linafuatwa na herufi MP, basi. Bunge likivunjwa kupisha uchaguzi, si wabunge tena na herufi hizo hawaruhusiwi kuzitumia, hata kama wanagombea tena na wana uhakika wa kushinda. Ujerumani wana herufi MdB, na mtaani mbunge ni Bwana au Bibi fulani kama jirani yake. Nigeria maseneta wana sifa yao, ya juu kuliko ile ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Marekani cheo cha mheshimiwa wanapewa wote, wa Seneti wenye miaka sita na wa Baraza la Wawakilishi wanaorudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Cheo kirefu hakimwongezei mtu kura hata moja ukumbini.

"Huwezi kuwa waziri kama si mbunge"

Kwetu ni kweli. Katiba inataka mawaziri watokane na wabunge, na Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Ndiyo maana ukisikia mtu ameteuliwa kuwa mbunge na Rais, siku chache baadaye husikii ajabu akiapishwa kuwa waziri.

Vuka Namanga mambo yanageuka. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge. Marekani vilevile. Ufaransa mbunge akiteuliwa waziri anaachia kiti na mbadala wake anaingia, na Norway wana utaratibu unaofanana na huo. Uganda mawaziri wanaweza kutoka ndani au nje ya Bunge. Ghana wengi wao lazima watoke bungeni. Afrika Kusini Rais anaruhusiwa kuchukua wawili tu kutoka nje.

Kila utaratibu una gharama yake. Mimi naona wa kwetu unatugharimu hivi: mbunge wa chama tawala anayetamani uwaziri anajua kwamba aliyemshikia shilingi leo ndiye anaweza kukaa naye meza moja kesho.

"Mbunge ni yule aliyepigiwa kura jimboni"

Ibara ya 66 ina aina kadhaa. Wapo wa majimbo. Wapo wanawake wa viti maalum, wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wengine wote, ambao vyama hugawana kulingana na kura walizopata. Watano wanatoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Rais anateua hadi 10. Mwanasheria Mkuu ni mbunge kwa nafasi yake, na Spika anaweza kuchaguliwa bila kuwa mbunge, naye akaingia kwa uspika wake. Mbunge wa viti maalum ana kura sawasawa na wa Arusha Mjini, na kumwita mbunge wa kupewa ni kumkosea yeye na Katiba. Uganda jeshi lina wawakilishi wake 10 bungeni. Rwanda, kati ya wabunge 80 wa Baraza lao, 24 ni wanawake wanaochaguliwa kwa utaratibu wao maalum, na mwaka 2008 likawa bunge la kwanza duniani lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Afrika Kusini hawana majimbo kama yetu: wabunge 400 wanapatikana kwa uwiano wa kura.

Halafu kuna wale tunaopishana nao hapahapa mjini. Bunge la Afrika Mashariki, EALA, lilizinduliwa Novemba 2001, na makao yake yako kwenye jengo la Jumuiya, jirani na kituo cha mikutano cha AICC. Dereva wa bodaboda anayepakia abiria pale mbele anaweza kukuambia kwa uhakika kabisa kwamba ni wabunge wa Dodoma waliokuja kwenye semina. Sivyo. Kila nchi mwanachama hupeleka tisa, wanaochaguliwa na bunge la nchi yao lakini hawaruhusiwi kuwa wajumbe wa bunge hilo. Wanakaa miaka mitano na wanaweza kuongezewa kipindi kimoja tu. Hawana jimbo. Mwananchi wa Sakina hawezi kuwapelekea kero ya mtaro, wala wao hawawezi kuisema Serikali ya Tanzania kuhusu mtaro huo.

Lakini usiwadharau. Mfanyabiashara wa Moshi anayepitisha mzigo Holili, au wa Arusha anayeupitisha Namanga, anatozwa ushuru chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyopitishwa na Bunge hilo. Kinachowabana ni saini. Muswada wao hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi wauridhie, na mmoja akiukataa hata baada ya kurudishwa kwake, muswada umekufa.

"Tuliomchagua ndio wenye uwezo wa kumwondoa"

Kwenye uchaguzi, ndiyo. Katikati ya kipindi, Tanzania hakuna kifungu kinachowapa wapiga kura wa jimbo uwezo huo. Kenya ibara ya 104 imetoa haki ya kumrudisha nyumbani. Uingereza wana sheria ya 2015: mbunge akifungwa jela, au akisimamishwa na Bunge kwa muda uliotajwa, asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo wakitia saini ndani ya wiki sita, kiti kinakuwa wazi. Hapa kwetu mlango unaojulikana zaidi ni wa chama: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umekwisha.

Mlango mwingine ni mahakama, na Arusha tumeuona. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi wa Godbless Lema. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia, kwa hoja kwamba wapiga kura waliofungua kesi hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa. Uwe ulimpenda au hukumpenda mbunge yule, hukumu hiyo inamhusu kila mpiga kura anayefikiri atakwenda kupinga matokeo kwa niaba ya jimbo zima.

Nguvu hiyo ya chama ndiyo aliyoipinga Mchungaji Christopher Mtikila kwa miaka karibu 20. Alitaka Mtanzania aweze kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilikubaliana naye 1994, na tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Akaja Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pamoja na Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 majaji waliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja Mkataba wa Afrika. Ibara ya 67 bado inataka mgombea apendekezwe na chama. Hukumu imetoka mjini kwetu, na vijana wengi wa hapa wanaosoma uraia hawajawahi kuisikia.

"Mbunge asiyesikika kwenye televisheni amelala"

Pengine amelala kweli. Lakini kazi nzito ya Bunge inafanyika kwenye kamati, ambako kamera ni chache. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa ndiyo inayowahoji wakurugenzi wa halmashauri juu ya hoja za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikiwemo za halmashauri za Arusha na Kilimanjaro. Mbunge anaweza kunyamaza ukumbini mwezi mzima na akawa amewatoa jasho watu watatu kamatini asubuhi moja. Mkutano ujao wa hadhara, kabla ya kuuliza la lami, mwulize yuko kamati gani, na ukurasa upi wa ripoti ya CAG unaitaja halmashauri yenu.