Kusoma uchumi na hesabu pamoja: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Matokeo ya form six yakitoka tu maswali huwa yale yale. Mtu ana EGM yake safi (uchumi, jiografia na hesabu), au PCM (fizikia, kemia na hesabu), anataka digrii inayochanganya uchumi na hesabu, halafu anakutana na mjomba au mwalimu anamvuruga kichwa hadi anaishia kujaza kozi asiyoitaka. Nimeona niandike yale ninayoyasikia sana na ukweli wake, na kuna sehemu nitakaa zaidi maana ndo zinapopoteza watu.

"Hesabu za uchumi ni asilimia na grafu za bei tu"

Hapana jamani. Hizo ni za mwanzo mwanzo. Ukishaingia kwenye kozi ya pamoja unakutana na kalkulasi ya vigeu vingi, linia aljebra, probabiliti, na vyuo vingine vinaweka riali analisisi, lile somo ambalo huulizwi jibu ni ngapi, unaambiwa uthibitishe kwamba jibu lipo. Watu wanauliza, sasa mchumi lipo halipo linamhusu nini? Linamhusu sana. Mchumi Mfaransa Léon Walras alishaandika milinganyo ya masoko yote kwa pamoja tangu miaka ya 1870, lakini kuandika milinganyo hakuthibitishi kwamba zipo bei zinazoitimiza yote kwa mpigo. Mwaka 1954 wachumi Kenneth Arrow na Gérard Debreu wakathibitisha kwamba zipo, kwa masharti waliyoyataja moja moja, na silaha yao ilikuwa theoremu ya hesabu tupu. Kwangu mimi utamu wote uko kwenye hayo masharti. Hesabu inakubana utaje kila ulichokidhania, kwa hiyo mtu akija kukwambia soko litajirekebisha lenyewe unamuuliza sharti lipi limetimia na lipi bado, mnaanza kuongea kitu cha maana.

"Ukiwa mkali wa kukokotoa umemaliza"

Chukua mkulima wa Mbozi ana eka 3, mifuko 6 ya mbolea, anataka kujua apande mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani apate faida kubwa. Mwenye A ya hesabu ya Advanced anaiweka vizuri, anapata eka kadhaa za hiki na kadhaa za kile, anapiga mstari chini, kamaliza. Lakini hesabu ile ile inatoa na namba nyingine ambayo wengi wanaipita, bei kivuli ya mbolea, yaani mfuko mmoja wa ziada ungemuongezea huyu mkulima faida ya shilingi ngapi. Mfuko ukiuzwa juu ya hapo aachane nao, ukiuzwa chini aongeze. Hiyo sentensi ya mwisho ndo uchumi, na mwalimu wa uchumi anaitafuta kwenye karatasi yako, kwa hiyo kama hupendi kuandika maelezo utateseka. Hii mbinu yenyewe ina historia nzuri, Leonid Kantorovich, mwanahesabu wa Urusi ya Kisovieti, aliifikia mwaka 1939 akishughulikia tatizo la viwanda vya plaiwudi, na mwaka 1975 akapata Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

"Kama hukusoma uchumi sekondari huwezi"

Kenya uchumi si somo la kujitegemea kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, na bado watu wanaingia vyuoni kuusoma kila mwaka. Pale LSE, chuo maarufu kwa uchumi kilichoko London, kozi ya hesabu na uchumi inadai hesabu ya A-level, uchumi si lazima. Uchumi wanaanza kukufundisha tangu mwanzo, ila pengo la hesabu hakuna wa kukuzibia, na aliyesoma BAM peke yake, ile hesabu ya msingi ya form five na six, ajipange mapema. Kwetu soma vigezo vya chuo husika, maana vinatofautiana, na usitafute jina "Uchumi na Hesabu" tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Uchumi na Takwimu, Nairobi nao wana ya Uchumi na Takwimu, Makerere kuna ya uchumi wa kiidadi. Fungua orodha ya masomo uone mwaka wa pili na wa tatu kuna nini, jina la juu linaweza kukudanganya.

"Kazi zake ni ualimu au kaunta ya benki"

Ualimu ni kazi ya heshima, tuanzie hapo. Lakini nani anakokotoa malipo ya bima na michango ya pensheni ili mfuko usikauke baada ya miaka 30? Mtakwimu bima, na hii digrii ni njia mojawapo ya kufika huko, ingawa mitihani ya bodi za kitaaluma ni mirefu na inafuata baada ya chuo. Kuna benki kuu, ofisi za takwimu, makampuni ya simu. Halafu utafiti. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha makadirio kwamba M-Pesa imezitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri. Ugumu hapo ni kwamba wenye M-Pesa wanaweza kuwa walikuwa na nafuu tangu mwanzo, kwa hiyo walichofanya ni kuangalia mawakala walivyoongezeka karibu na kaya mbalimbali, wakalinganisha maisha yalivyobadilika kule walikoongezeka sana na kule walikoongezeka kidogo. Hiyo ni ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na bila probabiliti utaisoma kama hadithi tu, hutaweza kuipinga wala kuitetea.

"Ni digrii mbili kwa mpigo"

Unapata cheti kimoja na kwa kawaida miaka ni ile ile ya digrii nyingine. Ili yaingie, kuna vitu vinakatwa pande zote mbili, unaweza kukosa historia ya uchumi au uchumi wa kazi na ajira, na upande wa hesabu ukakosa topolojia au nadharia ya namba. Mwenye ndoto ya kuwa mwanahesabu halisi aliangalie hilo kabla ya kuthibitisha chuo, na anayetaka masta ya uchumi ahakikishe ekonometriki haimo kwenye vilivyokatwa.