Budo kwa vijana wa mazingira magumu: anza na kuanguka, kuangusha kutafuata

Kijana aliyekulia kwenye vipigo, au anayelala popote usiku unapomkuta, ngumi anazijua. Anachokosa ni mahali ambapo nguvu zina mipaka inayojulikana na kila mtu, na mtu mzima anayesimamia mipaka hiyo leo, kesho na wiki ijayo bila kubadilika. Budo, yaani sanaa za mapigano za Kijapani kama judo, karate, aikido, kendo na ndugu zake, inaweza kuwa mahali hapo. Inaweza pia kuzalisha wababe. Tofauti iko kwenye namna darasa linavyopangwa.

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Michael Trulson, alichapisha utafiti juu ya vijana wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Kwa miezi sita kundi la kwanza lilifundishwa taekwondo ya jadi pamoja na tafakari, heshima na falsafa yake. La pili lilipewa mateke na ngumi peke yake. La tatu lilikimbia na kucheza mpira wa kikapu. Ukali wa kundi la kwanza ulishuka, wa kundi la pili ukapanda. Taekwondo ni ya Korea, na vijana wale walikuwa wachache, kwa hiyo siutwishi utafiti ule mzigo usiouweza. Lakini mwalimu yeyote wa vijana wa aina hii atalitambua jambo lenyewe: ukimpa mbinu bila adabu inayoizunguka, umemwongezea silaha.

Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alilijua hilo tangu mwanzo. Alipofungua Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, kwenye hekalu la Eishoji jijini Tokyo, alikuwa na mikeka 12 tu, na alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake. Mwaka huohuo alianzisha bweni la vijana ambako wakazi walifagia na kusafisha wenyewe. Kwake mazoezi na malezi vilikuwa kazi moja.

Kuhusu aina ya sanaa, nitasema kwa kifupi. Kendo inahitaji mavazi ya kinga yenye gharama kubwa. Karate inahitaji sakafu safi tu, hivyo ndiyo rahisi kuanza nayo. Aikido ya kawaida haina mashindano. Mimi napendelea judo kwa vijana wenye hasira za haraka, kwa sababu mwenzako unamshika kwa mikono miwili muda wote: huwezi kumwangusha vizuri bila kuhisi anavyosimama, na ukimwangusha, mkono wako ndio unaomshikilia asitue vibaya. Tatizo ni mikeka. Mkeka wa kawaida wa judo una mita 1 kwa 2 na unene wa sentimita 4, kwa hiyo eneo la mita 8 kwa 8 linakula mikeka 32. Hapo usiruhusu zaidi ya jozi sita kuangushana kwa wakati mmoja. Wengine wakae ukingoni wakitazama. Kabla ya kila kipindi sukuma mikeka ibanane. Mwanya wa upana wa kidole baina ya mikeka miwili ndio unaovunja vidole vya miguu.

Sasa tuje kwenye ukemi, kuanguka salama, ambako ndiko ningemtaka mwalimu mpya atumie muda wake mwingi. Wiki sita za kwanza asiangushwe mtu. Anza chali: magoti yamekunjwa, mikono imepishana juu ya kifua, kidevu kimeingia ndani, macho kwenye fundo la mkanda. Piga mkeka kwa mikono yote miwili, viganja chini, mikono ikiwa imetanuka kama nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni, huku ukitoa pumzi. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Kisha fanya hivyo ukianzia kuchuchumaa, halafu kusimama. Baadaye fundisha kuanguka kwa ubavu, kisha kubingirika mbele, na mwisho kuangukia nyuma juu ya mgongo wa mwenzako aliyepiga magoti na mikono chini.

Makosa yanajirudia, nayo kila moja lina sababu yake. Mkono ukitanuka hadi usawa wa bega, kishindo chote huishia begani. Ukirudi nyuma kwa kiganja kutafuta sakafu, kifundo cha mkono au kiwiko ndicho kinacholipa. Miguu ikipishana kwenye kuanguka kwa ubavu, magoti na vifundo hugongana mfupa kwa mfupa. Anayezuia pumzi hukakamaa, na aliyekakamaa huumia. Kosa la hatari kuliko yote ni kidevu kuachia, kisogo kikatangulia. Kwa vijana wasioamini mtu, shingo ndiyo ya mwisho kulegea, maana wamezoea kuangalia nani anakuja. Usimkaripie. Mpe kitambaa akibane kati ya kidevu na kifua, arudie akiwa chini. Kitambaa kikidondoka, bado hajawa tayari kuanguka kutoka juu.

Nalisisitiza hili kwa sababu si la nadharia. Nchini Japan, tangu mwaka 1983, zaidi ya wanafunzi 100 wamefariki katika mazoezi ya judo shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa, na mbinu ya osoto-gari, inayomwangusha mtu moja kwa moja kinyumenyume, inatajwa sana. Kwa hiyo osoto-gari isiwe mtupo wa kwanza kufundishwa, ingawa inaonekana rahisi. Anza na mtupo ambao anayeangushwa tayari yuko karibu na mkeka, mwenzake akiwa amepiga goti. Aliyegonga kichwa, au anayelalamika kichwa kuuma, kichefuchefu au kizunguzungu, hatoki nje kupumzika dakika tano kisha arudi. Siku hiyo amemaliza, asiachwe peke yake, na harudi mkekani mpaka daktari amruhusu. Akiwa hana mzazi wa kumpeleka hospitali, wewe ndiye wa kumpeleka. Lipangie hilo kabla ya kipindi cha kwanza: nani anabaki na darasa, nani anakwenda.

Kipindi cha dakika 90 kinatosha. Kujipanga na kusalimiana, dakika tano, kupasha mwili, 15, ukemi, 15, mbinu, 30, randori, yaani pambano la mazoezi, 15, kufagia na kuagana, 10. Randori ya wanaoanza iwe ya raundi fupi za dakika mbili, na mwalimu awe ndiye anayechagua jozi. Ukiwaacha wachague, wenye nguvu watawatafuta wanyonge. Sheria ya kugonga mara mbili isiwe na mjadala: akigonga mkeka au mwili wako, au akisema "maitta", yaani nimeshindwa, unaachia papo hapo. Anayechelewa kuachia hata nusu sekunde anakaa raundi inayofuata, hata kama ni mwanafunzi wako bora. Kukaba shingo na kukunja viungo visubiri hadi utakapokuwa na uhakika wa tabia ya kila mmoja.

Kuna mambo ambayo mwalimu wa watoto wa kawaida hayaoni. Katika mokuso, kile kimya cha kukaa na kufumba macho, kijana aliyewahi kuvamiwa usingizini hawezi kufumba. Mruhusu atazame sakafu, mita moja mbele yake. Vivyo hivyo kubanwa chini: uzito wa mtu kifuani unaweza kumrudisha mahali pabaya, naye akapigana kwelikweli au akaganda kama asiyesikia. Kuganda ndiko unakoweza kukukosa, kwa sababu kunafanana na utulivu. Simamisha, mwite kwa jina, mwache aketi, usimguse. Unapomrekebisha yeyote mkao, sema kwanza unachotaka kufanya na simama mahali anapokuona.

Uhusiano wa senpai na kohai, wakubwa na wadogo wa dojo (ukumbi wa mazoezi), ni mzuri pale mkubwa anapobeba jukumu: kukagua kucha, kumfundisha mgeni kufunga mkanda, kuangalia ngozi isiwe na fangasi. Unaharibika pale mkubwa anapopewa ruhusa ya kuadhibu. Usimpe. Na wewe mwenyewe usitumie pushapu wala kupiga kwa shinai, fimbo ya mianzi ya kendo, kama adhabu, wametoka huko. Watu wazima wawe wawili kila kipindi, mlango wazi, na mawasiliano ya simu na kijana yasiwe ya siri.

Lililobaki ni mashindano na mikanda. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japan lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi, likieleza kuwa kiu ya ushindi imezidi. Mimi naona kijana asipelekwe kushindana kabla ya mwaka mmoja wa mazoezi, na asipelekwe kabisa kama kushindwa bado kunamfanya apotee wiki nzima. Ada ya mtihani wa kyu, yaani madaraja ya chini ya mkanda mweusi, ilipwe na mfuko wa dojo kwa wote kwa usawa, ili asionekane nani hana. Mavazi yawe mali ya dojo, yafuliwe huko na yatolewe kwa ukubwa. Anayetoroka na kurudi baada ya miezi miwili arudi na mkanda wake uleule, aanze na ukemi pamoja na wageni, na asiulizwe mbele ya wenzake alikuwa wapi.