Asali, maji na kipande cha granola kisichoporomoka

Desemba moja nilimpelekea dada yangu wa Kigoma boksi la vipande sitini vya granola, yaani oti na karanga zilizoshikizwa kwa asali, kwa treni. Alipolifungua alinipigia simu kuuliza kwa nini nimempelekea mkate mmoja mkubwa badala ya vipande. Nilipovifunga hapa Tabora vilikuwa vikavu na vimenyooka kama matofali, lakini njiani vilikuwa vimelainika na kugandamana. Kazi yangu ni usindikaji wa vyakula, na nilipaswa kulitarajia jambo hilo, kwa sababu chanzo chake ni maji niliyoyaacha ndani ya asali kwa kuharakisha kuipua sufuria.

Granola ya kumwaga, ile ya kula na maziwa au mtindi, haina masharti makali. Changanya gramu 300 za oti zilizobanwa bapa, gramu 100 za karanga, gramu 50 za ufuta na gramu 50 za mbegu za maboga. Kisha pasha kidogo gramu 100 za asali pamoja na mililita 60 za mafuta ya alizeti na nusu kijiko cha chai cha chumvi, umimine na kukoroga hadi kila punje ing'ae. Oka kwa nyuzi 150 kwa dakika 25 hadi 35, ukigeuza mara mbili. Asiye na oveni hutumia sufuria nzito iliyotandazwa mchanganyiko kwa wembamba, juu ya makaa machache, na kupalia makaa mengine juu ya mfuniko kama afanyavyo kwa wali. Ila asiondoke hapo, maana asali huungua mapema kuliko sukari. Granola ikitoka motoni huwa laini, na wengi huirudisha wakidhani haijaiva, ilhali ukavu wake huja inapopoa. Zabibu kavu au maembe makavu huingia baada ya hapo, kwani yakiokwa huwa magumu kama kokoto.

Kipande cha granola ni habari nyingine, nacho ni ndugu wa kashata. Katika kashata sukari huchemshwa hadi ikauke na kugeuka chenga, ndiyo maana hukatika kwa kishindo. Asali ina sukari mbili, fruktozi na glukozi, ambazo huzuia sukari ya kawaida isirudi kuwa chenga, hivyo kipande hubaki cha kutafunika. Ubaya ni kwamba fruktozi hiyo hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yetu ina unyevu wa kutosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kwa hiyo uchaguzi wa asali si jambo dogo. Tumia ya nyuki wakubwa, ile ya miombo tunayoipata Sikonge na kwingineko mkoani, iliyovunwa masega yakiwa yamefunikwa kwa nta. Maji yake kwa kawaida hayazidi asilimia 20. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi na yenye ukakasi, na maji yake mara nyingi huvuka asilimia 25. Bei yake pia ni kubwa, na kuichemsha naona ni kuionea. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, kwa kuwa lita moja ya asali hukaribia kilo 1.4.

Weka kwenye sufuria gramu 150 za asali na gramu 50 za sukari, uchemshe kwa moto wa wastani. Maelekezo mengi ya mtandaoni husema ufike nyuzi 112 hadi 116, lakini vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Tabora iko takriban mita 1,200 juu yake, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo punguza nyuzi nne, la sivyo utapata kitu cha kuvunja meno. Mimi mwenyewe nimekiacha kipimajoto. Nadondosha tone katika bakuli la maji baridi na kuliokota: likiyeyuka vidoleni bado, likifinyangika kuwa gololi inayobonyea nimefika, likilia kwenye ukingo wa bakuli nimechelewa. Kipimo hiki hakijali mwinuko, kwa sababu kinapima maji yaliyobaki.

Ipua, koroga ndani yake gramu 100 za siagi ya karanga na chumvi kidogo, kisha mimina juu ya gramu 250 za oti zilizokaangwa kavu, gramu 100 za karanga zilizopondwa na gramu 50 za ufuta. Karanga nzima huacha mianya, na kipande hukatikia hapo hapo. Mimina kwenye sinia lenye karatasi iliyopakwa mafuta na ukandamize kwa chini ya kikombe, kwa nguvu, kungali moto. Vipande vingi vinavyoporomoka havikukosa asali, havikukandamizwa. Kata baada ya nusu saa, vikiwa vuguvugu.

Kuhusu karanga, chambua kabla ya kukaanga na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa, na siagi ya karanga huificha vizuri, hivyo saga yako mwenyewe kwa karanga ulizozichambua. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu ya asali.

Siku hizi kila kipande nakifunga peke yake kwa karatasi ya kuokea kabla hakijapata hewa ya usiku, kisha nakiweka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Wakati wa mvua naongeza dakika moja au mbili jikoni ili gololi iwe ngumu kidogo. Dada yangu husema vya msimu huo vinamchosha taya, ila sasa vinafika sitini.