Kokoto za Chini Hazikaushi Ndoo

Jumamosi iliyopita niliitwa hadi ghorofa ya nne ya jengo moja la mtaa wa Umoja, Nairobi, nikaangalie ndoo sita za sukuma wiki zilizokuwa zikigeuka manjano kuanzia majani ya chini. Kabla sijavua viatu nilikwisha kujua nitakachoambiwa, na ndicho nilichoambiwa: “Lakini mama, kokoto niliweka!” Aliziweka kweli, chini ya udongo ili maji yatoke, shubiri nzima katika kila ndoo ya rangi ya lita 20, kama alivyoelekezwa na jirani yake. Hii ni mara ya nne mwaka huu, na miche yangu inangoja kitaluni huku nikiandika haya.

Watu hudhani kwamba maji hushuka mradi tu yamepewa nafasi chini yake. Udongo una vijitundu vidogo vinavyoyashika maji, ilhali nafasi zilizo kati ya kokoto ni kubwa mno kuyavuta. Kwa hiyo maji yakifika kwenye mpaka wa viwili hivyo husita, na hayadondoki mpaka udongo ulio juu ya mpaka umekaribia kujaa kabisa. Kila chombo, kiwe na kokoto au kisiwe nazo, hubaki na tabaka la udongo chepechepe chini baada ya maji ya ziada kutoka, na unene wa tabaka hilo huamuliwa na udongo wenyewe, si na kina cha chombo. Anayemwaga shubiri ya kokoto hajaliondoa tabaka hilo. Amelipandisha shubiri moja kuelekea mizizi, na juu ya hayo amepoteza shubiri moja ya udongo.

Asiyeniamini achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe, ailaze kiganjani bila kuikamua, angoje mpaka iache kudondosha. Kisha aisimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, ingawa hakuna kilichobadilika ila kimo. Ndiyo sababu beseni pana la kina kifupi hubaki limelowa kuliko gunia refu lenye udongo ule ule.

Nikifika hapo hujibiwa kwamba magunia ya mboga yaliyoenea Kibera mwaka 2008 yana mawe, na yanazaa. Yana mawe, naam, lakini yamesimama katikati kama nguzo kutoka chini hadi mdomoni: unaweka mkebe usio na kitako, unaujaza kokoto, unazungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha unauvuta juu kidogo na kurudia. Tatizo la gunia ni kiu ya tumboni, kwa sababu maji ya juu huishia juu, na miche iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni hukauka. Nguzo ile huyapeleka maji ndani na chini. Mawe ni yale yale, kazi ni kinyume. Inaniudhi kwamba mtu huona gunia, akakumbuka mawe, akasahau nguzo.

Mbolea nitaipitia upesi: sehemu moja ya samadi iliyooza kwa mbili za udongo, na samadi mbichi isiguse mizizi. Wadudu ni habari ya siku nyingine.

Tulipoipindua ndoo ya kwanza, kitonge kilitoka na harufu ya mtaro na mizizi ya kahawia iliyochunika ukiivuta. Udongo ulikuwa ule mweusi wa Eastlands, uliochimbwa kwenye msingi wa jengo, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Na mwenyewe alikuwa akitia maji kila asubuhi katika baridi ya Julai, kama alivyofanya katika jua la Februari. Tuliuchanganya na udongo mwekundu na mboji, tukatoboa matundu sita, tukayafunika kwa kipande cha neti kuukuu, tukainua ndoo juu ya matofali. Sasa anachomeka kidole hadi kifundo cha pili, na kikitoka kimelowa, hatii maji.

Sina usafi wa kumcheka. Mimi mwenyewe nilifundisha kokoto za chini kwa miaka mingi, na ndoo zangu chache zilistawi, pengine kwa sababu mchanganyiko wangu ulikuwa mwepesi. Tena yapo majaribio yaliyoonyesha tabaka la chini likipunguza maji katika baadhi ya michanganyiko, kwa hiyo siapi kwamba kokoto hudhuru kila mahali. Nasema haziponyi udongo mzito. Hata nguzo ya gunia ninaitilia shaka. Nilipolivunja gunia langu baada ya msimu wa pili, kokoto zilikuwa zimemezwa na udongo hadi nusu ya kimo, na sukuma za chini ndizo zilizokuwa nyembamba kuliko zote. Gunia ninalopanda sasa nimeizungushia nguzo yake neti ile ile ya ndoo, nami nitalivunja mvua za vuli zikiisha nione.