Ukisema "nina mawazo", una nini hasa?

Wengi wanaokuja kwetu kupata ushauri nasaha huanza na maneno mawili: "Nina mawazo." Sikimbilii kushauri. Nauliza kwanza, mawazo ya nini? Mara nyingi kinachofuata ni kimya kirefu, maana swali hilo hawajawahi kuulizwa.

"Nina mawazo" ni kapu kubwa. Ndani yake mna hofu, aibu, kinyongo, upweke, uchovu, majonzi ya kufiwa, na kila kimoja kina tiba yake. Anayeogopa deni anahitaji kukaa na anayemdai wapange malipo. Mwenye kinyongo ana mazungumzo anayoyakwepa. Aliyechoka anataka kulala, na ukimpa mawaidha ya kusamehe unamchosha zaidi. Kuitaja hisia kwa jina lake pia hupunguza makali yake: tafiti za ubongo zimeonyesha kuwa amigdala, sehemu inayotuamsha kwa hatari, hutulia kiasi. Nimewaona watu wakisema "kumbe ninaona aibu", na mabega yanashuka kabla hatujatatua lolote.

Hata jina "msongo wa mawazo" hutupotosha kidogo, kwa sababu msongo ni wa mwili pia. Tezi mbili zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kortisoli, homoni zinazouandaa mwili kukabili hatari. Moyo hudunda, misuli hukaza, mmeng'enyo wa chakula hupungua. Ni maandalizi mazuri ya kukimbia hatari ya dakika chache. Lakini bosi asiyeridhika au ugonjwa wa mzazi hauishi kwa dakika chache, na mwili hubaki umejikaza kwa miezi. Ndipo kichwa kinauma kila siku, usingizi unakatika saa tisa usiku, na mtoto aliyemwaga maji anafokewa kwa hasira iliyotoka kazini. Hilo la mtoto huniumiza sana.

Hasira ikipanda, vuta pumzi kwa pua kisha itoe polepole, muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika mbili tatu. Moyo hupunguza kasi tunapotoa pumzi. Kutembea kwa haraka husaidia pia. Pombe, ambayo wengi huigeukia, huleta usingizi upesi kisha huukatakata usiku kucha.

Huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na usingizi na hamu ya kula vikavurugika, huenda ikawa sonona. Huo ni ugonjwa, na unatibika; nenda kituo cha afya kama ambavyo ungekwenda kwa homa.

Na ukimsikia mtu akisema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo jipya, humfungulia mlango wa kusema. Msikilize bila kumkemea, usimwache peke yake, na umfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.