Kichwa cha Nyuma cha Mashine ya Kukereza: Kiteleze, Usikibebe

Fundi anayekereza miguu ya kitanda au nguzo ndogo za roshani, kama zile za nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, hana ugomvi na kichwa cha nyuma cha mashine yake. Mti umebanwa pande zote mbili: kichwa cha mbele kinauzungusha, cha nyuma kinaushikilia kwa senta, yaani ncha ya chuma, na kazi inakwenda. Ugomvi huanza siku mteja anapotaka bakuli, au chombo kirefu cha maua cha kupamba mapokezi ya hoteli. Hapo mti hushikwa na chaki, yaani kibanio cha kichwa cha mbele, upande mmoja tu, na bobari, ile patasi ya kuchimbia, huingia kutoka upande wa pili, palepale kilipokaa kichwa cha nyuma. Mpini unakigonga, kiwiko kinachomwa na ncha ya senta. Mwisho fundi anafungua nati, anakikumbatia kile chuma na kukishusha sakafuni.

Kwa mashine ndogo za juu ya meza hilo si neno. Kichwa chake huondolewa bila jasho. Shida ni zile kubwa za kusimama sakafuni, za chuma cha kusubu, ambazo kichwa cha nyuma peke yake chaweza kufika kilo 25, 30 na zaidi. HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, ina vipimo vya tahadhari vinavyosaidia kufikiri. Mwanamume akinyanyua mzigo usawa wa kiuno, ukiwa karibu na mwili, kipimo ni kilo 25, na kwa mwanamke ni 16. Mikono ikinyooshwa mbele, vinashuka hadi 15 na 10. Mzigo ukiwa usawa wa sakafu na mikono imenyooshwa, kwa mwanamume inabaki kilo 5 tu. Sasa tazama kazi yenyewe: kitanda cha mashine, yaani zile reli mbili ambazo kichwa huteleza juu yake, kimesimama kati ya tumbo lako na mzigo, unanyanyua mikono ikiwa mbele, unageuza kiuno, kisha unainama hadi chini. Kilo zilezile 30 zimekuwa mzigo mwingine kabisa kwa pingili za mgongo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzito wake waweza kumdhuru. Katika karakana nyingi za Magongo na Kongowea mwajiri na mfanyakazi ni mtu yuleyule, na sijaona fundi akijishtaki.

Lakini mgongo ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba kitu kizito kuondoa huwa kizito pia kurudisha. Fundi akishakishusha sakafuni hana hamu ya kukipandisha tena kwa ajili ya kazi ya dakika kumi. Anafunga gogo la mwembe lisilo na mizani, lina gome upande mmoja, na kulianza kwa chaki peke yake. Hapo ndipo kichwa cha nyuma kinapohitajika kuliko wakati wowote. Gogo lisilo duara hupiga bobari kwa vishindo, chaki inalegea, na mti unaruka kuelekea usoni. Halahala mti na macho. Ukikereza bakuli, kichwa cha nyuma kibaki mahali pake mpaka nje pawe duara na kitako cha kushikwa na chaki kimekamilika. Kinaondoka wakati wa kuchimba ndani tu. Kwa hiyo, njia yoyote ya kukiondoa ipimwe kwa swali hili: je, kukirudisha ni rahisi?

Mara nyingi hata hakihitaji kutoka. Ng'oa senta kwanza. Zungusha gurudumu la mkono kinyumenyume mpaka mrija unaoshika senta urudi ndani kabisa. Kwenye mashine nyingi senta hujisukuma nje yenyewe, basi iwekee mkono isidondoke. Kisha sukuma kichwa hadi mwisho wa kitanda na ukikaze. Kama kitanda ni kirefu na bakuli si la kina, nafasi imepatikana, na kiwiko kimepona.

Kitanda kikiwa kifupi, tengeneza mahali pa kupokelea. Namna ninayoipendekeza ni meza ndogo imara yenye reli mbili za mbao ngumu, mvule au msaji, zilizo usawa mmoja na reli za mashine na zenye mwanya uleule katikati. Kichwa kinateleza kutoka reli hadi reli bila kunyanyuliwa. Hapa mafundi wengi husahau kitu kimoja: kile kipande cha chuma cha kubania kinaning'inia chini ya kitanda, kwa hiyo mwanya wa meza lazima uwe wazi tangu mwanzo hadi mwisho, bila ubao wa kukatisha hapo juu. Meza iungwe na mashine kwa pini au bolti. Bila hivyo, ukisukuma kilo 30 meza itakimbia, na mzigo utabaki hewani kwa nusu sekunde kabla haujatua. Kitako kiwe kipana, na mfuko wa mchanga chini yake hauharibu kitu.

Ukiweka magurudumu inakuwa toroli, na unaweza kuisogeza mbali. Ni vizuri ikiwa sakafu ni ya saruji laini. Kwenye sakafu ya udongo au saruji iliyochimbika, achana na magurudumu. Toroli yenye mzigo juu hupinduka kwa shimo dogo tu. Meza iliyofungwa palepale itakutumikia vyema zaidi.

Ipo pia bawaba ya kufungwa mwisho wa kitanda: kichwa kinasukumwa juu ya kipande kifupi cha reli, kinakazwa, kisha kinainamishwa kando. Baadhi ya watengenezaji wa mashine huiuza. Mafundi wetu wa kuchomelea hawashindwi kuiunda, ila hapo uzito wote unategemea weldi moja na bolti chache, kwa hiyo apewe mtu anayejua kazi hiyo, na ijaribiwe hakuna mguu chini yake. Kuhusu puli ya kuning'iniza kwenye paa, nasema hapana. Boriti za banda la mabati au makuti ziliwekwa kubeba paa.

Kabla ya kusukuma chochote, zima umeme ukutani, kwa kuwa utakuwa umeinamia mashine na shati lako. Ondoa egemeo la zana njiani. Mashine nyingi zina bolti ya kizuizi mwisho wa kitanda. Itoe wakati wa kukipitisha kichwa tu. Sukuma kwa kushika kitako chake, wala si gurudumu la mkono ambalo huzunguka, na vidole visiwe baina ya chuma na chuma. Na zile ndara, tafadhali, zibaki mlangoni. Viatu vya ngozi vyenye chuma mbele vinapatikana hata kwa wauza mitumba.

Kuteleza kwenyewe kunategemea reli, na kwetu Mombasa hewa ya bahari haizionei huruma. Mti mbichi nao hurusha maji yenye tanini yanayotia chuma weusi. Futa reli kila jioni, kisha paka nta kavu, hata ya mshumaa, na kuisugua kwa kitambaa. Oili na grisi hukusanya vumbi la mbao mpaka likawa uji mzito, na kichwa kikagoma kusogea.

Unapokirudisha, futa kitako chake na reli, kwa sababu punje ya maranda chini yake yatosha kukipindisha. Rudisha senta, kisogeze mpaka ncha yake ikaribiane na ile ya kichwa cha mbele, na uangalie kama zinakutana sawasawa. Kaza nati. Bolti ya kizuizi nayo irudi mahali pake kabla umeme haujawashwa.