Gavana ya pampu ya dizeli na gharama ya kuongeza mizunguko

Pampu nyingi zinazoletwa kwenye benchi langu kwa ombi la kuongezewa mizunguko huwa zimeshaguswa kabla ya kunifikia. Waya wa sili umekatwa, skrubu ya mwendo wa juu imefunguliwa karibu hadi mwisho wa nyuzi zake, na mwenye injini anaeleza kwamba bila mzigo mizunguko imepanda, lakini ikipewa kazi injini inaanza kulegea mbali kabla ya kufika huko. Malalamiko hayo ni ya kweli, na chanzo chake ni kwamba skrubu ile haibadilishi tabia ya springi ya gavana, chombo cha kudhibiti kasi ya injini kilichomo ndani ya pampu.

Injini ya dizeli ya kawaida haina kizuizi cha hewa kinachoongozwa na pedeli. Hewa huingia kadiri silinda inavyoweza kuivuta, na mwendo hutegemea kiasi cha mafuta peke yake. Ukiiachia mafuta mengi ikiwa haina mzigo, hakuna kitu kitakachoizuia isiendelee kuongeza kasi hadi ijivunje. Ndiyo maana pampu hufungwa gavana, chombo ambacho asili yake ni ya zamani kuliko dizeli yenyewe, kwa kuwa James Watt alitumia vizito vinavyozunguka kudhibiti injini ya mvuke mwaka 1788. Ndani ya pampu, vizito viwili au zaidi huzungushwa na shafti. Kasi ikipanda vinatanuka kwenda nje na kusukuma bushi inayoteleza, na bushi hiyo, kupitia wenzo, huirudisha reki, yaani upau unaopanga kiasi cha mafuta, upande wa kupunguza mafuta. Kinachopingana na vizito ni springi. Unapokanyaga pedeli kwenye gavana inayotawala mwendo wote, huongezi mafuta moja kwa moja: unaikaza springi, na springi ndiyo inayovizuia vizito visitanuke mapema.

Kani inayovisukuma vizito nje huongezeka kwa mraba wa kasi. Tuchukue injini ambayo gavana yake inaanza kukata kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, na mwenyewe anataka ianze kukata kwenye 3,200. Kasi imeongezeka kwa asilimia 28 tu, lakini 1.28 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa takriban 1.64, yaani springi itapaswa kuhimili kani iliyozidi ya zamani kwa asilimia 64 bushi ikiwa mahali pale pale. Kwa injini ya mipigo minne, shafti ya pampu huzunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa hiyo kwenye benchi utaona 1,250 na 1,600, ila uwiano ni ule ule. Naomba msomaji aishike namba hiyo ya 1.64, kwa sababu tutakutana nayo tena nje ya pampu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Gavana haina kikomo kimoja, ina viwili: mizunguko ambapo ukataji wa mafuta unaanza injini ikiwa na mzigo kamili, na mizunguko ambapo mafuta yamepunguzwa hadi injini inajizungusha yenyewe bila mzigo. Ikiwa ya kwanza ni 2,500 na ya pili ni 2,750, tofauti ya 250 ni asilimia 10 ya ile ya kwanza. Tofauti hiyo naiita mteremko. Anayefanya kazi na injini huishi upande wa mwanzo wa mteremko, kwa kuwa nguvu inaanza kupungua hapo, ilhali kipima mizunguko bila mzigo kinamwonyesha upande wa mwisho. Mtu anaweza kuongeza mwisho kwa mizunguko mia kadhaa na akapata nafuu ndogo sana pale anapoihitaji.

Kuna njia mbili za kuipa springi kani zaidi, na hazileti matokeo sawa. Njia ya kwanza ni kuikaza zaidi tangu mwanzo, kwa nati au kwa kuongeza washa, bila kubadilisha ugumu wake. Hapo ukataji unaanza baadaye, na mteremko kwa kulinganisha na kasi unakuwa mfupi zaidi, jambo linaloonekana zuri hadi unapovuka mpaka na gavana kuanza kuyumba: injini inapanda, inashuka, inapanda tena bila mtu kugusa pedeli. Njia ya pili ni kuweka springi ngumu zaidi. Hii inatulia, lakini mteremko unarefuka, na mizunguko ya mwisho bila mzigo inaweza kwenda mbali kuliko ulivyokusudia. Kazi yote ya kurekebisha gavana ni kutafuta mahali pazuri kati ya njia hizo mbili, na mimi huanza kwa kuandika mwanzo na mwisho ninaoutaka kabla sijafungua kifuniko.

Namna ya kufika huko hutegemea aina ya gavana. Kwenye RSV ya Bosch kuna springi moja kuu inayovutwa na wenzo, na pembe ya mvuto wake hubadilika wenzo unaposogea. Ina skrubu ya kurekebisha mteremko, na ukiigusa hiyo ni lazima uweke upya skrubu ya mwendo wa juu, kwa kuwa moja huivuruga nyingine. Kwenye RQ na RQV springi zimo ndani ya vizito vyenyewe, zikikazwa kwa nati kila upande. Hapo usawa ni sharti. Katika miaka yangu ya mwanzo nilirudisha pampu ya namna hiyo nikiwa nimekaza nati ya upande mmoja nusu mzunguko zaidi ya mwenzake, nikiamini nimehesabu vizuri. Injini iliwaka vizuri, lakini ilitetemeka ikikaribia kikomo, na nilipoifungua tena baada ya wiki chache nilikuta pini za vizito zimelika upande mmoja. Tangu siku hiyo naweka alama ya rangi kwenye kila nati na kuhesabu mibonyeo yake kwa sauti.

Pampu ya VE, ile ya mzunguko yenye planja moja (pistoni ndogo inayosukuma mafuta) inayohudumia silinda zote, inahitaji tahadhari ya pekee. Wengi huchanganya skrubu ya kiasi cha mafuta cha mzigo kamili na skrubu ya mwendo wa juu. Skrubu ya mafuta husogeza egemeo la wenzo za gavana, kwa hiyo ukiiingiza ndani, pamoja na kuongeza mafuta, unapandisha pia mizunguko ya silensa (injini ikiwaka bila pedeli kukanyagwa) na ile ya juu. Ukiendelea kuiingiza huku ukiishusha silensa kwa skrubu yake, utafika mahali ambapo injini haishuki tena unapoachia pedeli. Asiyejua uhusiano huo atadhani springi imechoka na kununua nyingine, wakati kosa liko kwenye skrubu.

Turudi kwenye 1.64. Kani zinazowavuta pistoni na koni rodi kila wanapogeuka juu na chini nazo hukua kwa mraba wa kasi, vivyo hivyo kani inayotaka kuipasua flaiwili, na vivyo hivyo kazi ya springi za valvu kuifuatisha valvu kwenye kamshafti. Kwa hiyo ukiitaka gavana ikubali asilimia 64 zaidi, boliti za koni rodi zinatakiwa kukubali hivyo hivyo, bila kuulizwa. Injini yenye mpigo wa milimita 120 ina mwendo wa wastani wa pistoni wa mita 10 kwa sekunde ikiwa kwenye 2,500. Kwenye 3,200 unafika mita 12.8. Kwa kawaida kinachoshindwa kwanza ni springi za valvu: valvu inachelewa kufunga, na pistoni inaweza kuikuta njiani. Ndiyo maana siifungi springi ngumu ya gavana kwenye injini ambayo springi zake za valvu ni zile zile za kiwandani, na flaiwili ya chuma cha kuyeyusha naikataa kabisa pale mteja anapotaka kwenda mbali, kwa kuwa ikipasuka vipande havibaki ndani ya kasha lake. Feni inayozungushwa moja kwa moja na injini huongeza ulaji wake wa nguvu kwa mchemraba wa kasi (kasi × kasi × kasi), kwa hiyo kwa mfano wetu inakula zaidi ya mara mbili ya ilichokuwa ikila.

Taimingi, yaani wakati wa kuingiza mafuta kwenye silinda, nayo haiwezi kubaki ilipo. Wimbi la mgandamizo linahitaji muda kupita kwenye bomba hadi kwenye nozeli, na mafuta yanahitaji muda kushika moto. Tukichukulia jumla kuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda huo ni nyuzi 15 za krenki kwenye 2,500 na zaidi ya nyuzi 19 kwenye 3,200. VE hujisogeza yenyewe kwa pistoni ya taimingi inayosukumwa na mgandamizo wa mafuta ndani ya pampu, lakini pampu ya mstari (yenye planja moja kwa kila silinda) isiyo na kisogezi cha taimingi haina msaada huo, na itawasha mafuta kwa kuchelewa, ikitoa moshi na joto jingi kwenye ekzosi badala ya nguvu.

Injini za jenereta siziongezei mizunguko. Jenereta ya ncha nne za sumaku inayotoa hezi 50 inatakiwa kuzunguka 1,500 kwa dakika, na kuipandisha ni kuharibu umeme inaoutoa.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, ninahakikisha reki inateleza kwa wepesi hadi mwisho wa kukata na kwamba wenzo wa kuzimia unafanya kazi. Ninaweka pia ubao bapa unaotosha kuziba mdomo wa kuingizia hewa, kwa sababu reki ikikwama wazi, hewa ndiyo kitu pekee utakachoweza kuinyima injini kwa haraka, na mkono haufai kutumika kwa kazi hiyo. Injini ikishatulia napandisha mwendo hatua kwa hatua, nikiwa na kipima mizunguko changu mwenyewe. Kazi ikikubali, nakaza nati za kufungia, navuta waya mpya wa sili, na kwenye lebo ya pampu naandika mizunguko ambapo ukataji unaanza, ile unapoishia, na ujazo wa mafuta kwa mipigo 1,000, ili fundi atakayeifungua baada yangu ajue ni wapi nilipoiacha.